Jina la Kufuli Halifungui

Fundi wa funguo mjini Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, akiletewa kazi ya kukata ufunguo wa pili, mara nyingi huanza kwa kuuliza kufuli ni la kampuni gani. Jibu huwa tayari, kwa kuwa jina limepigwa chapa kwenye kufuli lenyewe. Hata hivyo husaidia kidogo kuliko mteja anavyodhani. Maduka ya mpakani yana makufuli yenye jina moja na matundu tofauti, na mengine yenye majina tofauti na tundu lile lile. Makala haya yanashikilia kwamba blanki, yaani ufunguo ambao haujakatwa meno, hulinganishwa na umbo la tundu, na kwamba jina la kampuni ndilo ushahidi wa mwisho kutegemewa. Mpenzi wa kufuli, yule anayenunua makufuli yake mwenyewe ili ayafungue, ayapasue na kuyaunda upya kwa kujifunza, akianzia hapo atapunguza hasara. Ataelewa pia jambo ambalo wauzaji hawalisemi: tundu la ufunguo peke yake halijawahi kuwa ulinzi.

Soko lenye milango mingi

Ukanda wa Sigalame na vilima vya Samia, Busia mjini hadi Malaba, umezoea bidhaa za chuma tangu zamani. Wasamia walijulikana kwa kuyeyusha madini ya vilima vyao na kufua majembe yaliyouzwa mbali, hata kwa majirani zao Waluo. Leo chuma kinaingia kikiwa kimeshaundwa. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 inapita Malaba, malori ya Ushoroba wa Kaskazini yanavuka katika miji yote miwili, na Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambako mzigo hukaguliwa mara moja upande unaoingia. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Makufuli kwa kawaida hayamo katika nafuu hiyo, kwa sababu mengi yanatengenezwa nje ya Jumuiya.

Yanatoka wapi? Mengi ni ya China, na lililoenea kuliko yote ni Tri-Circle kutoka Yantai, mkoa wa Shandong. Wenye maduka huyaita kwa namba zake: 263 ni la upana wa milimita 32, 264 ni la 38, 265 ni la 50. Yapo ya India, kutoka Aligarh, mji unaosifika kwa kazi hiyo, na ya Godrej, kampuni iliyoanza kutengeneza makufuli Bombay mwaka 1897. Kwa bei ya juu kuna Viro la Italia, ABUS la Ujerumani, Union na Squire ya Uingereza. Mara mojamoja hupatikana Master la Marekani, limekuja na sanduku la mtu aliyerudi safari.

Kila kampuni ya asili ina maumbo yake ya matundu. Lau mambo yangeishia hapo, jina lingetosha. Lakini kufuli likipendwa huigwa, na mwigaji huiga kinachoonekana dirishani: rangi, boksi, chapa, pengine kwa kubadilisha herufi moja tu. Ndani hutumia alichonacho karakanani. Tundu hutobolewa kwa kifaa kirefu chenye meno kinachovutwa ndani ya shaba, na kifaa hicho ni ghali. Kiwanda kidogo kikishakinunua hukitumia kwa kila jina kinaloagizwa. Ndiyo maana majina manne yanaweza kufunguliwa kwa blanki moja, na jina moja likahitaji blanki tatu kutegemea boksi lilitoka wapi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu 2008, na mamlaka ya kuisimamia. Sheria hiyo hushughulika na jina, fundi akabaki na tundu.

Tundu lina kazi gani

Kufuli la pini tunalolijua ni kazi ya Linus Yale Mdogo wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1861 na tena 1865 akiendeleza aliyoyaanza baba yake. Wazo la pini zinazoinuliwa ni la kale zaidi, lilikuwamo katika makomeo ya mbao ya Misri. Ndani ya mwili wa kufuli kuna kiini cha mviringo kinachozunguka. Pini zimepangwa mstari, kila tundu la pini likiwa na vipande viwili vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo sahihi huviinua vyote hadi mpaka kati ya vipande viwili ulingane na ukingo wa kiini. Hapo kiini huzunguka na upinde wa kufuli huachia.

Tundu lenyewe ni mlango wa kufikia pini hizo. Ukilitazama kwa mbele utaona mwanya uliopindapinda, kuta zake zikiwa na mbavu zinazotokeza kwa ndani. Ufunguo nao una mifereji ubavuni, inayopita juu ya mbavu hizo. Mbavu zina kazi tatu. Ya kwanza ni kuushika ufunguo wima usiyumbe, ili kila jino likae chini ya pini yake. Ya pili ni kubana nafasi ili waya au zana nyembamba ipite kwa taabu. Ya tatu ni kubagua: ufunguo wa jengo moja usiingie hata kidogo katika jengo jingine.

Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta utitiri wa maumbo. Kampuni kubwa huunda ukoo mzima wa matundu yanayofanana kwa sehemu, ghorofa moja ikapewa umbo hili, nyingine lile, na msimamizi akapewa ufunguo wenye mifereji mipana unaopita katika yote. Kwa hiyo blanki mbili zaweza kuonekana ndugu kabisa, moja ikaingia na nyingine ikakwama milimita mbili tu kutoka mdomoni.

Makufuli ya liva, yenye vibao badala ya pini, ni habari nyingine. Asili yake ni Robert Barron wa Uingereza, 1778, na Nav-Tal la Godrej ni la jamii hiyo. Tundu lake huwa jembamba na halina mapindi mengi, hivyo kinachoamua ni unene na kimo cha ubapa. Ni rahisi kulilinganisha, na blanki zake hupatikana kwa shida.

Vipimo vinavyoamua

Chukua ufunguo wa kufuli la milimita 50, uushike kichwani, ncha ikuelekee jichoni, mwanga wa mchana ukiwa nyuma yako. Utaona umbo la ubapa kana kwamba umekatwa kwa msumeno: mfereji mmoja mpana kushoto karibu na mgongo, miwili membamba kulia, na chini kabisa kipande kinachobaki kubeba meno. Hilo ndilo umbo la kutafuta. Weka blanki mgongo kwa mgongo na ufunguo huo, ncha kwa ncha, uzitazame tena kwa pamoja. Macho hugundua tofauti ya mfereji upesi kuliko kipimo chochote.

Jambo la pili ni upande. Yapo maumbo yanayopatikana kwa sura mbili, ya kulia na ya kushoto. Zikilala mezani kwa haraka huonekana sawa, na huwezi kuigeuza ikawa nyingine, kwa kuwa ukiigeuza mgongo unakuwa chini. Wanaoanza hununua ya upande usio wake wakijua hakika umbo ni lenyewe.

La tatu ni urefu, kuanzia bega hadi ncha. Bega ni ile ngazi ndogo karibu na kichwa inayogota mdomo wa kufuli na kuuzuia ufunguo usizame zaidi. Makufuli madogo yana pini tatu au nne, makubwa tano au sita, na umbo la tundu laweza kuwa moja katika yote. Blanki fupi haifikii pini ya mwisho, na pini moja isiyoguswa inatosha kukataa. Blanki ndefu ina afadhali, maana ncha hukatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa tupa. Zipo kufuli ambazo ufunguo wake hauna bega na husimamishwa na ncha yenyewe. Funguo hizo zikikatwa ncha ovyo, meno yote huhama mahali pake.

La nne ni kimo cha ubapa, nalo husahauliwa na wengi. Blanki yaweza kuwa na mifereji ile ile ikapungua nusu milimita kwenda juu. Itaingia vizuri, itakatwa vizuri, na haitafungua, kwa sababu pini inayotakiwa kuinuliwa juu kabisa haifiki ukingoni. Mteja atasema fundi hajui kazi, ilhali mashine ilikata sawasawa chuma kisichotosha.

La tano ni unene na aina ya chuma. Blanki nyingi za kufuli za kawaida zina unene wa karibu milimita 2. Nyembamba mno huingia kila mahali, ikayumba, meno yakateleza kando ya pini. Shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, ni laini na hukatika vizuri. Ikichanganywa na nikeli huwa nyeupe na ngumu zaidi, nayo hudumu. Chuma kilichopakwa nikeli ni rahisi bei lakini hula kisu cha mashine.

Kwa hayo matano, kalipa ya bei nafuu, kioo cha kukuza na mwanga wa jua vinatosha. Jina la kampuni halimo kwenye orodha. Lakini Mgala muue na haki yake mpe: jina husaidia kuchagua uanzie rundo gani la blanki, hasa kwa makufuli ya bei kubwa ambayo hayaigwi sana. Kosa ni kulifanya hukumu wakati ni dokezo.

Katalogi, kufuli mkononi, au tupa

Zipo njia tatu za kufikia blanki inayofaa, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni katalogi. Watengenezaji wakubwa wa blanki, kama Silca ya Italia na Ilco ya Marekani, ambazo sasa zote ziko chini ya kundi la dormakaba, pamoja na JMA ya Hispania, huchapisha picha za blanki kwa ukubwa wake halisi, pamoja na umbo la ubapa uliotazamwa kutoka nchani. Unalaza ufunguo juu ya ukurasa na kulinganisha. Kila moja ina namba zake, na majedwali ya kulinganisha huonyesha ipi ni sawa na ipi: blanki ya Master iitwayo M1 katika orodha ya Ilco ni 1092, na ile ya Yale iitwayo Y1 ni 999. Njia hii ni safi kwa makufuli yenye ukoo unaojulikana. Kwa kufuli la bei ya chini la mpakani huishia njiani, kwani blanki zake nyingi huja ndani ya pakiti zisizo na namba inayotambulika katika orodha hizo.

Ya pili ni kulijaribu kufuli lenyewe. Fundi anayejua kazi humwambia mteja waziwazi: "Mama, ufunguo peke yake hautoshi, niletee na kufuli." Sababu anayo. Ufunguo aliopewa huenda nao ulikatwa kutoka kwa nakala ya nakala, kwenye blanki iliyokaribiana tu na ya asili. Mifereji yake inasimulia blanki ya fundi wa kwanza, haisimulii tundu. Blanki inayofaa hupita majaribio matatu: inaingia hadi bega bila kulazimishwa, haichezi kushoto na kulia ikishaingia, na inatoka bila kukwaruza. Ikishindwa mojawapo, iache. Kwa mpenzi wa kufuli hii ndiyo njia ya kuaminika zaidi, maana kufuli analo mezani.

Ya tatu ni tupa. Blanki ikikosa mfereji mmoja, fundi huibana kwenye jiliwa na kuuchimba, au huparaza ubavu mzima hadi upite. Ni ustadi wa kweli, na mahali ambapo blanki sahihi haipatikani ndio unaomwezesha mteja kufungua duka lake siku hiyo. Gharama yake huja baadaye: ubapa uliopunguzwa hupinda, huyumba, na siku mtu ana haraka hukatikia ndani ya tundu. Kwa ufunguo wa kila siku njia hii iwe ya mwisho. Kwa anayejifunza ni darasa zuri kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayechimba mfereji kwa mkono asielewe kwa nini uko pale.

Upo mchezo mmoja ambao wote unasimama juu ya kulinganisha blanki. Mchezaji huingiza blanki ya shaba kwenye kufuli, akaizungusha kwa nguvu kidogo huku akiitikisa, kisha akaitoa na kutafuta kwa kioo alama ndogo zilizoachwa na pini. Hupitisha tupa pale penye alama, akarudia, hadi ufunguo uzunguke. Ulaya kuna mashindano ya kazi hii. Chama cha Ujerumani cha wapenzi wa kufuli, SSDeV, kilianzishwa mwaka 1997, na Waholanzi wana TOOOL. Humo blanki mbaya ni kushindwa kabla ya kuanza: ikiyumba, alama hutawanyika, ikiwa ngumu mno, hazionekani kabisa.

Ulinzi uko wapi basi

Msomaji anaweza kuingiwa na wasiwasi: kama blanki inapatikana kwa bei ndogo kando ya barabara, kufuli linalinda nini? Jibu ni hesabu. Kufuli la pini tano lenye vina sita vya kukata jino kwa kila pini lina michanganyiko 7,776 kwa makadirio ya juu. La pini nne na vina vitano lina 625 tu. Blanki humpa mtu ruhusa ya kuingia tunduni, haimpi mchanganyiko. Kwa kufuli dogo, hata hivyo, 625 si nyingi kwa mji ambao katoni zinashushwa kila wiki. Wapangaji wawili wa ploti moja kukuta ufunguo wa mmoja unafungua kwa mwenzake si uchawi.

Utafiti umeonyesha mahali blanki inapogeuka kuwa jambo zito. Mwaka 2003 Matt Blaze, wakati huo wa maabara ya AT&T, alichapisha uchambuzi wa majengo yenye ufunguo mmoja wa msimamizi. Alionyesha kwamba mpangaji mwenye ufunguo wake halali, kufuli lake na blanki chache za tundu lile anaweza kuupata ufunguo wa jengo zima kwa kujaribu pini moja baada ya nyingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walisoma meno ya ufunguo kutoka katika picha iliyopigwa umbali wa karibu mita 60. Mwaka 2015 funguo kuu za mizigo za idara ya usalama wa usafiri ya Marekani ziliundwa upya kutokana na picha iliyowahi kuchapishwa gazetini.

Visa hivyo vinafundisha jambo moja: pale meno yanapojulikana, uhaba wa blanki ndio ukuta uliobaki. Ndiyo biashara ya matundu yenye hataza, ambayo kampuni hulinda ili blanki zake zisiuzwe kiholela kwa miaka 20 hivi. Muda ukiisha, ukuta huanguka. Wenye mzigo mkubwa pale Malaba walishaacha kuutegemea zamani. Kontena la transiti hufungwa kwa lakiri ya chuma yenye namba, isiyo na tundu la ufunguo hata kidogo, inayokatwa mara moja ikifika. Na tangu 2017 lori hufuatiliwa pia kwa kifaa cha kielektroniki kinachotumiwa na Kenya, Uganda na Rwanda. Wanalotaka ni kujua kama mlango umeguswa, na hilo ufunguo hauwezi kusema.

Mwenye hosteli, shule au nyumba ya wageni Busia anapaswa kuchukua somo hapo. Ufunguo mmoja wa vyumba vyote ni rahisi kwa msimamizi na ni hatari kama blanki yake inaning'inia kwenye kila ubao wa funguo mjini. Afadhali makufuli tofauti na rundo la funguo.

Sheria na adabu ya mchezo

Kenya haikatazi mtu kufungua kufuli lake. Lakini kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayekutwa nje ya makazi yake na kifaa cha kutumika katika uvunjaji wa nyumba au wizi, na kifaa kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo ni ushahidi dhidi yake. Blanki mfukoni ni kipande cha shaba. Blanki, tupa ndogo na waya uliopindwa ndani ya mkoba mmoja saa nne usiku barabarani zinaleta maswali. Mahali pa mchezo huu ni nyumbani au karakanani, mchana. Wapenzi wa kufuli duniani hufuata kanuni mbili ambazo zinafaa hapa bila kubadilishwa: usiguse kufuli lisilo lako, wala usichezee kufuli linalotumika, hata likiwa lako.

Kwa fundi kanuni ya tatu inaongezeka. Kudai kuliona kufuli, pamoja na kumsaidia kupata blanki sahihi, humsaidia kumjua mteja. Anayeleta ufunguo tu uliochorwa kwenye karatasi au kupigwa picha kwa simu, bila kufuli na bila maelezo, anastahili kuulizwa zaidi.

Kinachofaa kufanywa

Anayeanza mkusanyiko wake aache kupanga blanki kwa majina. Apange kwa umbo la ncha, kisha upande, kisha urefu, na kila blanki aandike makufuli ambayo imeingia kwa hakika, boksi likiwa na namba gani na lilinunuliwa upande gani wa mpaka. Akijaza daftari la namna hiyo kwa mwaka mmoja atakuwa na katalogi ya Busia na Malaba ambayo hakuna kampuni ya Ulaya iliyoichapisha, kwa sababu hakuna inayoyajua makufuli haya. Mafundi wa barabarani wanayo maarifa hayo vichwani. Wanayapoteza kila anapostaafu mmoja wao. Kuyaandika ni kazi inayomfaa mpenzi wa kufuli kuliko kununua kufuli jingine la bei.

Na mnunuzi wa kawaida, asiye na hamu ya haya yote, achukue moja tu. Kufuli jipya linapouzwa na funguo tatu, ahifadhi mmoja ambao hautumiki kamwe, na nakala zote zikatwe kutoka kwa huo, kufuli likiwa mezani kwa fundi.